Jani la Chumvi na Wapangaji Wake

Mtu apitaye katika mabonde ya mpunga yaliyopakana na mikoko, Unguja na hasa Pemba, hakosi kukutana na kipande cha ardhi kilichotupwa. Matuta bado yapo, alama za mipaka zipo, lakini mpunga haupo. Maji ya bahari yamepenya, udongo umefanya ganda jeupe juu yake, na mwenye konde amehamia kwingine au ameacha kabisa kulima. Lakini ardhi haikubali kukaa uchi. Baada ya msimu mmoja au miwili huota majani, tena majani mabichi yenye afya, mahali ambapo mche wa mpunga hauwezi kumaliza wiki tatu. Hakuna aliyeyapanda wala aliyeyatia mbolea. Ng'ombe huyala, nasi twayaita magugu na kupita njia.

Swali ambalo twapenda kuliweka leo mbele ya wasomaji wetu, wakulima na wakuu wa serikali pamoja, ni hili: majani hayo yanakula nini? Swali laonekana la kitoto. Walakini kuna nchi moja ambako liliulizwa kwa makini, na jibu lake likawapeleka wataalamu safari ya miaka mingi, hata wakajikuta wanatunga jina jipya kwa ajili ya kiumbe ambacho hakikuwa kimeandikwa katika daftari lolote la elimu.

Nchi hiyo ni Pakistani, katika jimbo la Punjab. Jina la jimbo lenyewe maana yake ni maji matano, yaani mito mitano. Katika zama za utawala wa Kiingereza ilichimbwa huko mifereji mikubwa ya kumwagilia mashamba, na ngano na pamba zikastawi. Lakini maji yaliyozama ardhini mwaka hadi mwaka yaliinua maji ya chini, nayo yalipokaribia uso wa ardhi jua kali likayanyonya na kuacha chumvi juu. Eneo kubwa sana liliharibika kwa njia hiyo. Wenyeji huiita ardhi ya namna hiyo kallar, na jani linaloota humo wakaliita kwa jina hilo hilo. Wataalamu wa mimea hulijua kwa jina la Leptochloa fusca. Si jani la Punjab peke yake. Huota katika nchi nyingi za Afrika, za Asia, hata Australia, penye maji yaliyotuama na chumvi.

Wakulima wa huko waligundua zamani kwamba jani la kallar hufaa kwa malisho, na kwamba likishaota kwa muda udongo nao huanza kupata nafuu. Taasisi ya utafiti wa kilimo ya Faisalabad, iliyoundwa mwaka 1972, ililishughulikia kwa bidii. Kilichowashangaza watafiti ni kwamba jani hili hukatwa mara kadhaa kwa mwaka na kuota tena bila ya kutiwa mbolea ya naitrojeni, katika udongo ambao wenyewe ni maskini mno wa chakula hicho. Hesabu haikutimia. Chakula kilichokuwa kikitoka katika majani kwenda kwa ng'ombe kilikuwa kingi kuliko kile kilichoonekana kuingia.

Hapa yafaa tukumbushane jambo moja. Hewa tuivutayo ni naitrojeni kwa kiasi cha asilimia 78, lakini mmea hauwezi kuitumia naitrojeni hiyo moja kwa moja, kama vile mtu aliye katikati ya bahari asivyoweza kukata kiu kwa maji yanayomzunguka. Ni bakteria fulani tu wanaoweza kuigeuza ikawa chakula cha mmea. Kila mkulima anayepanda kunde, choroko au mbaazi amewahi kuviona vinundu vidogo katika mizizi yake. Humo ndimo bakteria hao wanamokaa na kufanya kazi. Lakini majani ya jamii ya nyasi, na mpunga, mtama na muwa ni katika jamii hiyo, hayana vinundu. Kwa muda mrefu ilidhaniwa kwamba hayana msaada wa namna hiyo.

Aliyeitikisa dhana hiyo zaidi ya wote ni mtaalamu wa kike wa Brazil, Bibi Johanna Döbereiner, ambaye katika miaka ya 1970 yeye na wenzake walionesha kwamba mizizi ya nyasi za malisho ina bakteria wenye kazi hiyo. Mwaka 1978 bakteria hao walipewa jina la Azospirillum. Ndipo watafiti wa majani ya kallar nao walipopata pa kuanzia: huenda na katika mizizi ile kuna wapangaji wasioonekana wanaolipa kodi ya nyumba kwa naitrojeni.

Kazi ya kuwatafuta wapangaji hao ilifanywa katika Chuo Kikuu cha Hannover, Ujerumani, na watafiti vijana wawili, Barbara Reinhold na Thomas Hurek, pamoja na wenzao. Twataka kueleza kidogo jinsi walivyofanya, maana watu wengi hudhani kwamba kugundua kiumbe kipya ni bahati ya mtu kuchungulia katika hadubini. Mzizi huoshwa vizuri, kisha ngozi yake ya nje husafishwa kwa dawa ya kuulia vijidudu, ili atakayeonekana baadaye awe ni mkaazi wa ndani hasa na si mpita njia aliyegandia kwa nje. Kisha husagwa, na uji wake huchanganywa na maji mara kumi, mara mia, mara elfu, na kuendelea. Katika kupunguza huku mna hekima. Ukichukua uji mzito utampata yule mwenye mbio za kuzaana, hata kama katika mzizi alikuwa mmoja kati ya milioni. Ukichukua ule uliopunguzwa sana, atakayeota humo ni yule ambaye kwa kweli alikuwa wengi.

Tone la maji hayo hutiwa katika kichupa chenye ute laini usio na naitrojeni hata chembe. Asiyeweza kujitafutia naitrojeni katika hewa atakufa njaa. Anayeweza hujitokeza kama utando mwembamba, milimita chache chini ya uso wa ute, kwa kuwa bakteria hawa wahitaji kuvuta hewa, ilhali kimeng'enya kinachofanya kazi ya naitrojeni huharibiwa na hewa nyingi. Basi hutafuta mahali pa katikati, kama samaki anayejua kina chake. Uthibitisho wa mwisho ni gesi ya asetilini, ile ile wanayotumia mafundi wa kuchomelea vyuma: kimeng'enya hicho huigeuza kuwa gesi nyingine, ethilini, na chombo cha maabara hupima kiasi chake.

Mwaka 1986 walitangaza walichokiona. Juu ya ngozi ya mzizi wa jani la kallar walikuwapo Azospirillum, jamaa wa wale wa Brazil. Mmoja wao alionekana kuwa spishi mpya, naye alielezwa mwaka 1987 kwa jina la Azospirillum halopraeferens, yaani mwenye kupendelea chumvi, nalo jina lilimstahili. Lakini ndani ya mzizi, ambamo kila gramu moja ya mzizi mkavu ilikuwa na makumi ya mamilioni ya vijidudu, walikutana na watu wengine kabisa: vijiti vyembamba, vingine vimepinda kidogo, ambavyo havikufanana na bakteria yeyote aliyekwisha kuandikwa.

Hapa ndipo ilipoanza kazi ngumu, nayo ilichukua miaka saba. Kusema "huyu ni mpya" ni rahisi. Kuthibitisha kwamba hayumo miongoni mwa maelfu wanaojulikana ni jambo jingine. Bakteria hana mbawa wala maua ya kuhesabu. Ukimtazama katika hadubini ni kijiti, na vijiti ni vingi. Ile rangi iliyobuniwa na Hans Christian Gram wa Denmark mwaka 1884, ambayo mpaka leo kila hospitali huitumia, huwagawa bakteria katika makundi mawili makubwa tu. Basi hapana budi mtu aulize chakula chao. Watafiti waliwapa hawa wageni vyakula vya kila namna, kimoja baada ya kingine, na jambo la ajabu likaonekana: walikataa sukari. Walikula chumvi za asidi kama zile zilizomo katika matunda, na hata kilevi cha ethanoli. Hapana shaka hili lina maana yake, kwa sababu mzizi uliozama majini na kukosa hewa hutengeneza ethanoli na asidi hizo. Mpangaji alikuwa amezoea chakula cha nyumba ile.

Baada ya chakula wakachunguza mafuta yaliyomo katika mwili wao na jinsi protini zao zinavyojipanga. Mwisho wakafika kwenye uzi wa urithi, DNA, kwa msaada wa wataalamu wa Chuo Kikuu cha Gent, Ubelgiji. Uzi huu una nyuzi mbili zilizosokotana kama kamba. Ukiupasha moto nyuzi huachana. Ukichanganya nyuzi za bakteria wawili na kuziacha zipoe, zile zinazofanana hushikana tena, kila mmoja na wa mwenzake. Mwaka 1987 jopo la wataalamu lilikuwa limekubaliana kwamba wale ambao nyuzi zao zinashikana kwa kiasi cha asilimia 70 au zaidi wahesabiwe kuwa spishi moja. Siku hizi uzi mzima husomwa kwa mashine kwa muda mfupi na gharama ndogo, na hesabu hufanywa kwa kompyuta, lakini kipimo cha leo kilitokana na kile cha zamani.

Jibu lilikuwa wazi. Vijiti hivi havikuwa na undugu wa karibu na Azospirillum hata kidogo. Wanaishi katika mzizi mmoja na wanafanya kazi moja, lakini undugu wao ni kama wa pweza na papa, ambao wote huletwa sokoni katika tenga moja. Mwaka 1993 ikatangazwa jenasi mpya, Azoarcus, maana yake upinde wa naitrojeni, na ndani yake spishi mbili. Ya kwanza ni Azoarcus indigens, yaani mhitaji, kwa kuwa hawezi kukua pasipo kupewa kirutubisho fulani asichoweza kujitengenezea. Ya pili ni Azoarcus communis, wa kila mahali, kwa sababu pamoja na mizizi ya kallar, alikutwa pia katika tope la mafuta la kiwanda kimoja cha Ufaransa. Nani angedhani?

Lililotuvutia sisi zaidi ni lile ambalo watafiti hawakulifanya. Walikuwa na makundi mengine matatu ambayo kwa kipimo cha DNA yalistahili kuwa spishi. Hawakuyapa majina, kwa kuwa mifano waliyokuwa nayo ilikuwa michache mno kuweza kueleza sifa zake kwa uhakika. Mtu mwenye pupa ya sifa angetangaza spishi tano. Hawa wakangoja, na ni mwaka 2000 ndipo baadhi ya jamaa hao walipopata majina yao, tena katika jenasi tatu nyingine mpya.

Majina haya hayatolewi ovyo. Kuna kanuni ya kimataifa ya majina ya bakteria, na tarehe 1 Januari 1980 ilianza kutumika orodha iliyofuta rundo la majina ya zamani ambayo hayakuwa na kiumbe cha kuyathibitisha. Tangu hapo anayetaka jina jipya likubaliwe sharti litangazwe au liorodheshwe katika jarida moja maalumu, na sharti aweke kielelezo hai cha kiumbe chake katika hazina za kuhifadhi bakteria; tangu mwaka 2001 hazina hizo ni mbili kwa uchache, katika nchi mbili tofauti. Ni kama hati ya shamba: mipaka haitoshi kusimuliwa, yapasa nakala iwekwe mahali ambapo kila mwenye shaka aweza kwenda kuikagua.

Pengine kuna msomaji atakayesema kwamba haya ni mambo ya wasomi wa Ulaya, na kwamba jina la kijidudu halijazi sufuria. Visiwa hivi vina sababu zao za kujua vinginevyo. Katika miaka ya 1950 watafiti Nutman na Roberts, waliofanya kazi hapa Zanzibar, walieleza kwamba kifo cha ghafla cha mikarafuu, kilichowafilisi wazee wetu wengi, kilisababishwa na kuvu wanaoshambulia mizizi. Huko Indonesia, Sumatra na Java, mikarafuu nayo ilikufa kwa namna ambayo kwa macho yafanana sana na hii yetu. Lakini mwenye kosa huko si kuvu. Ni bakteria, aliyepewa jina la kitaalamu mwaka 1990, na anayeenezwa kutoka mti hadi mti na wadudu wanaonyonya utomvu. Laiti mtu angechukua dawa ya Sumatra akaileta Pemba, au ya Pemba akaipeleka Sumatra, angetibu ugonjwa ambao mti hauna. Huko Australia nako, bakteria wa majani ya malisho aliyekuwa akiua kondoo alichanganywa kwa miaka na jamaa zake wa karibu, hata alipotengwa na kupewa jina lake mwenyewe mwaka 1992.

Turudi kwa wapangaji wa kallar. Mmoja wao, ambaye kwa miaka mingi hakuwa na jina ila alama ya maabara tu, BH72, ndiye aliyepata kuchunguzwa kuliko wote. Ilithibitika kwamba anaweza kuingia na kukaa katika mizizi ya mpunga, na mwaka 2006 uzi wake wote wa urithi ulisomwa, herufi milioni nne na zaidi. Baadaye ikaonekana kwamba ni wa spishi Azoarcus olearius, ambayo ilikuwa imepewa jina mwaka 2013 kutokana na udongo uliochafuliwa na mafuta huko Taiwan. Kabla ya hapo, mwaka 2002, ilitangazwa habari ambayo kwa maoni yetu ndiyo ya ajabu kuliko zote. Majani ya kallar yaliyotiwa BH72 yalinawiri na kupata naitrojeni zaidi kuliko yale yaliyotiwa ndugu yake aliyeharibiwa kimeng'enya. Lakini walipojaribu kuwaotesha tena bakteria hao kutoka katika mizizi ile, hawakuota. Walikuwamo, kazi yao ilionekana, ila waligoma kutoka nje. Kwa hiyo, katika mzizi wowote, wale tunaoweza kuwaotesha katika chupa huenda si wote, na huenda hata si wale wenye kazi kubwa.

Tusemeze ukweli wakulima wetu: hakuna hata mmoja katika bakteria hawa ambaye leo aweza kumwagwa katika bonde la chumvi na kumfanya mtu aache kununua mbolea. Wala hatumshauri mtu kupanda jani la kallar karibu na mpunga mzuri, kwa kuwa jani lenyewe likipata nafasi ni gugu baya la mpunga. Bonde lililovamiwa na bahari lahitaji kwanza tuta la kuzuia maji, mikoko iliyorudishwa na njia ya maji ya mvua kusafisha chumvi. Lakini baada ya hapo mkulima atakuwa na udongo maskini, na hapo ndipo elimu hii inapogusa mfuko wake.

Kwa wakuu wa serikali tuna maneno mawili. Sokoni zimeanza kuletwa chupa na pakiti za kile kiitwacho mbolea hai. Afisa anayetakiwa kutoa kibali ana haki ya kuuliza, kabla ya jambo jingine lolote: ndani mna spishi gani, kielelezo chake kimehifadhiwa wapi, na ni nani aliyepima kama bado yu hai? Muuzaji asiyeweza kujibu anauza maji ya rangi mpaka athibitishe vinginevyo.

La pili lahusu mali yetu wenyewe. Jirani zetu wa Kenya walishuhudia bakteria waliochukuliwa katika maziwa yao ya magadi wakitumiwa ng'ambo kutengeneza vimeng'enya vya sabuni na vya kufifisha rangi ya nguo za dangirizi, na mabishano juu ya nani alitoa ruhusa na nani anastahili fungu yakafuata baadaye sana. Mmoja wa bakteria wa maziwa hayo hata jina lake, Halomonas magadiensis, linatokana na Magadi. Jina la nchi liliingia katika kitabu. Itifaki ya Nagoya, iliyoanza kutumika mwaka 2014, imeweka msingi wa makubaliano kabla ya mali ya namna hii kuondoka. Lakini itifaki hailindi kitu ambacho mwenyewe hajui kama anacho.

Watu wa kuifanya kazi hii tunao. Taasisi ya utafiti wa kilimo iko Kizimbani, chuo kikuu tunacho, na vijana waliosomea viini wapo, wengine hawana kazi ya fani yao. Mwanzo wake hauhitaji jumba jipya. Kabla ya masika makonde hufyekwa na majani yake huchomwa moto. Siku chache kabla ya kiberiti, mtu mmoja mwenye jembe, chupa safi, sanduku la barafu na daftari aweza kupita katika mabonde yaliyotupwa akiwa na bwana shamba na mzee wa mahali hapo, akang'oa mizizi, akaandika jina la bonde, ukali wa chumvi, siku na mwezi, na jina ambalo wenyeji hulitumia kuliita jani lile, kama lipo.